Upande wa Kushoto wa Gari la Luhaga

Alexander Luhaga hupenda kusema kwamba maishani amepata cheo kimoja tu ambacho hakukiomba, nacho ni ukiranja wa usafi wa bweni. Akifika hapo hukohoa kidogo, kisha huongeza kwamba cheo hicho ndicho kilichomharibia gari.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla ya bluu iliyokolea, iliyotumika Japani kabla ya kufika Mwanza. Alilinunua mwaka wa tisini na nne, kiwanda cha pamba alikokuwa mtunza stoo kilipopunguza wafanyakazi. Yeye alikuwa miongoni mwa waliotangulia kutoka, kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, stoo ilikuwa tupu na kilichobaki kuonekana ndani yake kilikuwa yeye. Wenzake walinunua mashine za kusaga, wengine nyavu. Yeye alichukua kiinua mgongo chote, akanunua gari la kufanyia teksi.

Habari hiyo ilivuka maji hadi Nansio, Ukerewe, kwa mama mkwe wake, naye hakuipenda. Alituma ujumbe kwa binti yake, Odeta, kwamba angekuja Jumapili kujionea. Akikuta nyumba inayumba, angerudi na mjukuu wake Jasmin, asome Ukerewe mpaka baba yake asimame vizuri. Odeta hakukubali wala hakukataa. Alikunja sare za shule za mtoto akaziweka kwenye begi. Luhaga aliliona lile begi nyuma ya mlango wa chumbani, akaamua kwamba Jumapili gari lazima ling'ae.

Alichokuwa nacho ni kopo la waksi. Alilikuta kwenye buti, chini ya tairi la akiba, limeandikwa Kijapani pande zote. Palikuwa na picha: mkono na kitambaa, gari lenye nyota, na jua lililokatwa na mstari. Mstari ule aliuchukulia kuwa ni mkwaruzo wa safarini. Kwa hiyo akasoma hivi: paka, anika juani, ling'ae.

Maana hiyo ilikubaliana kabisa na elimu yake ya bwenini. Sakafu ya bweni ilipakwa dawa nyekundu ukuta hadi ukuta, ikaachwa ikauke, kisha wavulana wakaburuta vipande vya blanketi juu yake mpaka ikateleza. Jumapili asubuhi Luhaga alilipaka gari zima vivyo hivyo, kuanzia boneti hadi buti, kwa unene wa siagi ya mtu asiyeinunua mwenyewe. Akaliacha uwanjani, katikati ya yale mawe ya kwao Ilemela yanayotunza joto kama chungu, akaenda kanisani.

Aliporudi gari lilikuwa jeupe, limefifia kama mtu aliyetoka kubeba magunia ya unga. Tena halikuwa peke yake. Upepo wa ziwani ulikuwa umeleta wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Walikuwa wametua wakati waksi ikiwa bado mbichi, na hakuna aliyefanikiwa kuondoka.

Mayala, jirani yake, alisimama akalizunguka gari taratibu, mikono nyuma.

"Luhaga, umelivisha sweta?"

"Ni waksi."

"Naona. Na hawa abiria wote wameshalipa nauli?"

"Wa kwanza wanapanda bure," Luhaga alisema. "Biashara ndiyo inaanza."

Alisugua kwa kitambaa, kitambaa kikateleza. Alimwaga maji, maji yakatiririka na waksi ikabaki pale pale. Alijaribu ukucha wa kidole gumba, akapata mstari mmoja mwembamba na maumivu.

"Baba Jasmin," Odeta aliita kutoka mlangoni, "meli haitakungoja wewe umalize kumkuna huyo mnyama wako."

Hapo Luhaga aliachana na usafi, akageukia udanganyifu. Mlango wa nyuma wa kushoto ndio mama mkwe angeingilia. Aliupaka waksi mpya juu ya ile iliyokauka, walau ufanane na kitu kilicholowa kwa makusudi. Halafu akahofia kitenge cha mkwe kisichafuke, akaufuta hapo hapo. Weupe wa zamani ukatoka pamoja na ule mpya, wadudu nao wakatoka, na chini yake bluu ikamwangalia ikiwa na uso wake ndani. Haukuwa uso aliokuwa na haja nao saa ile, lakini ulionekana vizuri.

Alilisogeza gari kwenye kivuli cha jiwe kubwa. Sasa alipaka kidogo, mahali padogo kama sahani, akafuta kabla hapajakauka, akageuza kitambaa, akahamia pengine. Kazi ilikuwa nyepesi kiasi cha kumtia aibu. Tatizo ni kwamba muda ulitosha upande wa kushoto tu na nusu ya boneti. Paa aliliacha lilivyo, kwa hesabu kwamba mama mkwe ni mfupi.

Bandarini aliegesha upande mzuri ukitazama lango la abiria, akasimama mbele ya boneti, penye mpaka wa bluu na weupe. Mama mkwe alitoka na kikapu cha samaki wakavu. Luhaga alichuchumaa mbali kidogo, kama heshima ya mkwe inavyotaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

Aliingia nyuma, akatulia, akatazama dirishani hadi Ilemela. Uwanjani Luhaga alilibana gari kwenye lile jiwe, upande wa kulia ukiwa umegusana nalo karibu kabisa, kiasi kwamba ilimbidi aruke gia na kutokea mlango wa abiria, mguu mmoja ukitangulia.

"Mlango wako haufunguki?" mama mkwe aliuliza.

"Unafunguka, mama. Ni mazoea tu."

Wanawake waliingia ndani kunywa chai. Luhaga, ambaye hangeweza kukaa chumba kimoja na mkwe wake akisikiliza hatima ya mtoto ikiamuliwa, alilitenga gari na jiwe na kuendelea na upande wa kulia. Jasmin alikuja, akapanda juu ya jiwe, akaanza kufuta paa ambalo baba yake alikuwa amepaka.

"Baba, huyu mdudu ana macho."

"Mwombe radhi, halafu futa. Usingoje pakauke."

Hawakumsikia bibi akitoka. Alikuwa amesimama upande wa kulia, hatua chache kutoka pale weupe ulipoanzia.

"Weupe huu nilishauona," alisema.

Luhaga aliinuka. "Wapi, mama?"

"Meli ikiingia, sisi tunasimama juu. Nililiona gari lenye kipara cheupe, na mtu anayelizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Nikawauliza wenzangu, huyo ni nani? Uliposimama pale katikati umenyooka, nikajua ni mkwe wangu. Nilicheka mpaka mtu akanishikia kikapu."

Jasmin alicheka juu ya jiwe. Luhaga naye akajaribu, kicheko kikatoka nusu.

"Upande huu utaumaliza leo?"

"Nitaumaliza."

"Na paa?"

"Na paa, mama."

"Basi maliza. Kesho utanipeleka mjini, na nitalipa kama watu wengine." Alimtazama Jasmin, aliyekuwa ameshahamia kwenye paa, amelala kifudifudi akifuatilia mdudu wa mwisho kwa kidole. "Huyu nitamchukua likizo. Saa hizi naona ana kazi."

Alirudi ndani. Dirishani Odeta alionekana akitoa sare kwenye begi, moja moja, akizikung'uta.

Luhaga aliinama, akatafuta chini ya gari kile kitambaa alichokuwa bado amekishika mkononi.