Pete Thelathini na Kamba ya Mwalimu Halima

Mwanangu, mimi si mtu wa kushtushwa na kitu. Niliacha shule darasa la tano, nikajifunza kuchomelea chuma kwa kumtazama mwingine akichomelea, na leo karakana ile ya mtaa wa Mbotela ni yangu, kuanzia paa hadi msumari. Pita mtaa wa Buruburu uangalie mageti. Yaliyo mazuri, mengi yametoka kwenye mikono hii. Kipimo changu kilikuwa jicho, na niliamini dunia haina jambo lililobaki la kunishangaza. Basi nakumbuka siku moja ya mwaka ule wa korona. Hata nikitaka kuisahau, haisahauliki.

Shule zilikuwa zimefungwa. Binti yangu Nekesa, wa darasa la sita, alikuwa nyumbani kama wenzake. Hesabu zilikuwa adui yake. Ukimtajia hesabu za sehemu tu, nusu na robo, machozi. Jirani yetu Mwalimu Halima, mama wa makamo ambaye shule yake nayo ilikuwa imefungwa, akachukua chaki na kamba, akaanza kuwafundisha watoto uwanjani, hapo katikati ya nyumba zetu. Kila mtoto alijichorea duara lake la kukaa, asimkaribie mwenzake. Kisha mwalimu akawatuma wazungushe kamba kwenye kila kitu cha mviringo: sufuria, ndoo, gurudumu la mkokoteni. Wakishapata mzunguko, wahesabu upana wa kitu hicho unaingia humo mara ngapi.

Mtaa ulijaa kelele. “Sufuria ya kina Otis, mara tatu na kitu!” “Na ndoo pia, tatu na kitu!” Nekesa alikuwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Ningepaswa kufurahi, sivyo? Lakini mimi niliona mchezo tu.

Wakati huo nilikuwa na kazi kubwa. Mama mmoja mwenye kituo cha watoto aliagiza vishikio thelathini vya mapipa ya kunawia mikono, kila kimoja na pete ya chuma ya kulikumbatia pipa. Awali nilikuwa nimetengeneza vishikio vya ndoo, na kanuni yangu nilikuwa nayo kichwani: upana mara tatu, ongeza vidole viwili. Haikuwahi kunitupa.

Siku hiyo watoto wakaingia karakanani na kamba yao kupima pipa. Nikawafukuza. Haikutosha, nikachukua ndoo ya maji, nikatoka nayo hadi uwanjani, nikamwaga juu ya yale maduara ya chaki.

“Mwalimu,” nikasema mbele ya watoto wote, “mimi nimejenga maisha bila kuruka kamba. Wafundishe kitu cha maana au uwaache.”

Mwalimu Halima aliitazama chaki ikitiririka. “Sawa, Baba Nekesa,” akasema.

Jioni nikikata chuma, Nekesa akasimama mlangoni. Kumbe alikuwa ameshalipima lile pipa kabla sijawafukuza.

“Baba, hizo zitakuwa fupi. Kile kitu cha juu ya tatu kinakua. Kwa ndoo ni vidole viwili, lakini kwa pipa vinapita vinne.”

“Wewe uliyekuwa ukilia kwa sababu ya sehemu,” nikamwambia, “leo unanifundisha chuma?”

Alikunja kamba yake polepole, akaingia ndani. Siku tatu mfululizo hakunionyesha daftari wala hakutaja hesabu mbele yangu. Nikajiambia ni utoto, yatapita.

Nikakata zote thelathini, nikazikunja. Ya kwanza nilipoizungusha kwenye pipa, ncha hazikukutana. Pengo la vidole viwili na ushee. Nikajaribu ya pili, ya tatu, ya kumi. Mwanangu, nilikaa chini juu ya vumbi la chuma. Ningeweza kuunga vipande, lakini yule mama alikuja, akatikisa kichwa. “Fundi, pipa likijaa lina uzito wa watu watatu. Chini yake watasimama watoto. Sitaki viraka.” Akanipa wiki moja.

Nilijua pa kwenda, na miguu haikutaka kwenda. Asubuhi nikaenda uwanjani nikiwa nimeshika pete moja. Maduara yalikuwa yamechorwa upya.

“Mwalimu, nimekosa. Nilimwaga maji mahali pasipostahili.”

“Mahali pa kukaa papo, Baba Nekesa,” akasema, akinielekeza duara lililokuwa wazi. “Barakoa ipande juu ya pua kama wenzako. Hapa hakuna mkubwa.”

“Buda, mzee mzima, utatosha kweli humo?” mtoto mmoja akauliza. Uwanja mzima ukacheka. Nami nikakaa, magoti yakigusa kidevu.

Kisha mwalimu akafanya jambo ambalo hadi leo linanilainisha moyo. Hakunifundisha yeye. Alimpa Nekesa kamba. Binti yangu akaja, akasimama hatua mbili kutoka kwangu, hakunitazama usoni.

“Shika hapa,” akasema. “Usivute.” Tukapima ndoo, kisha pipa. Nilipoona kwa macho yangu jinsi kile kitu kinavyokua pamoja na duara, nikamwambia, “Ulikuwa sahihi, nami nilikudharau. Nisamehe.” Ndipo akaniangalia. Jioni aliniletea daftari. Na kabla ya wiki kuisha, pete thelathini mpya zilikuwa zimekumbatia mapipa.

Kwa hiyo nakuambia, wewe unayenisoma: usidhani umejua kitu kwa sababu hakijakutupa bado. Kinachofanya kazi kwenye ndoo kipime upya kwenye pipa. Mtoto akikuletea alichokipata kwa mikono yake, weka kazi chini umsikilize, maana akinyamaza utalipa bei usiyoijua. Na ukimwona mwalimu akiwachezesha watoto, subiri uone wanachorudi nacho nyumbani. Mungu akujalie macho ya kuona, masikio ya kusikia walio wadogo kwako, na ulimi mwepesi wa kuomba radhi ungali na nafasi.

Mimi yalinigharimu vyuma kumi vipya vya kukata pete upya, kila kimoja pete tatu, na pakiti moja ya chaki niliyompelekea Mwalimu Halima: jumla shilingi elfu tisa, mia sita na hamsini.