Kidole cha mguu cha Mzee Olanya: siku niliposimama shahidi wa ubatizo Kampala

Wakuu, habari za muda huu. Mnaokunywa chai endeleeni, mimi nina miaka sita siigusi na sababu mtaiona humu humu.

Hiki kisa kilinitokea mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote nayaweka kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha. Asiyeamini asome kama burudani, hatugombani.

Mimi ni wa Morogoro. Nilipofika miaka kumi na tisa nilitumwa Kampala kuwa mmisionari wa Kimormoni kwa miaka miwili.

Hao vijana mmeshawaona. Shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, wanatembea wawili wawili kwenye jua kali huku wanatabasamu. Mtaani kwetu Kampala kuna waliosema sisi ni majasusi. Wakuu, jasusi gani anafua soksi zake kwenye beseni kila Jumatatu?

Maisha yenyewe ni hivi: unaamka saa kumi na mbili na nusu, unasoma, unatoka, unatembea. Chai hapana. Kahawa hapana. Mpenzi hapana. Kuogelea hapana. Na sisi tulikatazwa kupanda boda, kwa hiyo vilima vyote vya Kampala navijua kwa visigino.

Jumatatu ndiyo pumziko. Unafua, unaongea na mama kwenye simu, unakula rolex, ile chapati yao ya kuviringishia mayai, mpaka unashindwa kuinama.

Halafu huruhusiwi kuachana na mwenzako. Popote ulipo, yupo. Wangu alikuwa Elder Whitlock (Elder ndicho cheo tunachoitwa sote, kimeandikwa kwenye beji), Mmarekani mfupi kuliko mimi, na mimi mwenyewe kwenye picha za shule nilikuwa nasimamishwa mbele. Alikuwa mtu mwema sana, ila anaimba akiwa bafuni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilimsamehe kila siku, upya.

Sasa kuna jambo la Kiswahili.

Kampala watu wanaongea Luganda na Kiingereza. Kiswahili wengi wamezoea kukisikia kwa askari. Nilikuwa namwuliza mama wa ndizi bei kwa upole wangu wote wa Kimorogoro, ananitazama kama nimekuja kumkamata.

Kwa hiyo mimi na Whitlock tukapangiwa watu wa Kiswahili: Wakongo wanaofanya biashara ndogondogo, na familia za askari kule Luzira, karibu na Port Bell, pale ziwani.

Huko ndiko tulikompata Mzee Olanya.

Huyu alikuwa sajenti mstaafu, Mwacholi kutoka kaskazini, mrefu mpaka anainama kuingia kwake mwenyewe. Mkewe, Mama Aber, alikuwa ameshabatizwa kwetu mwaka mmoja kabla. Siku ya kwanza mzee alisoma beji zetu, akauliza Elder maana yake nini. Nikamwambia, ni mzee.

"Mzee? Wewe?" Akamwita mkewe. "Mama Aber, kuja uone wazee. Hata ndevu hapana!"

Alicheka dakika tano. Halafu akatukaribisha, na tukawa tunakwenda kila wiki. Alisikiliza kila somo amekaa wima, mikono kwenye magoti, na maswali yake yalikuwa magumu kuliko ya mtu yeyote niliyemfundisha. Miezi minne baadaye akasema yuko tayari kubatizwa.

Tatizo likawa maji.

Sisi hatunyunyizi. Unaingia kwenye kisima cha ubatizo, yaani bwawa dogo la ngazi humo humo kanisani, unazamishwa mwili mzima. Na pembeni wanasimama mashahidi wawili ambao kazi yao ni moja: kuangalia kama umezama wote. Nywele ikibaki juu, unarudia. Kidole kikibaki juu, unarudia.

Na Mzee Olanya alikuwa anaogopa maji kuliko kitu chochote. Zamani akiwa kijana jeshini, mtumbwi uliwapindukia mtoni, yeye akavutwa kwa kola ya shati, wenzake wawili hawakuvutwa. Tangu hapo, mtu anakaa karibu na ziwa lakini ufukweni hakanyagi.

Alitupa sharti.

"Mimi naingia mara moja. Moja tu. Mukisema turudie, mimi narudi nyumbani, na kanisa yenu nasahau kabisa."

Tukamwahidi. Wakuu, ukiwa na miaka kumi na tisa unaahidi hata hali ya hewa.

Wiki nzima tukafanya mazoezi sebuleni kwake. Tuliweka godoro chini, mzee anasimama, Whitlock anamshika, mzee anakunja magoti na kwenda nyuma. Tatizo la mtu mrefu mwenye hofu ni kwamba anakakamaa kama ubao, na kichwa kikishuka miguu inapanda. Whitlock akaanza kumpa amri kijeshi: "Kunja goti! Shuka!" Mama Aber alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta.

"Bambi, mzee wangu!" alikuwa anasema, yaani maskini wee kwa Luganda. "Hata maji ya kuoga yeye nahesabu kwa kikombe!"

Jumamosi ikafika. Maji yalikuwa ya baridi, maana heta ya kisima ilikuwa mbovu. Nguo nyeupe ya ubatizo, ile kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, ilimfika mzee katikati ya ugoko. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Shahidi mmoja alikuwa Ndugu Bahati, Mkongo muuza vitenge, amesimama upande wa kichwa. Mwingine nilikuwa mimi, upande wa miguu.

Mzee alishuka ngazi ameshika ukuta. Whitlock akasema sala neno kwa neno, bila kosa, kwa Kiswahili alichokariri wiki nzima bafuni. Halafu akamlaza.

Maji yakaruka mpaka mstari wa kwanza wa viti. Na pale mbele yangu, katikati ya povu, kikatokea kidole gumba cha mguu wa kulia, kikubwa, kimetulia juu ya maji. Nikakiona kama ninavyoona simu hii.

Mzee akainuka anahema kama aliyetoka vitani. Whitlock akatutazama mashahidi.

Bahati akatikisa kichwa kukubali. Yeye kwake kila kitu kilizama.

Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Nilijiambia, ni kidole tu. Nikamwangalia mzee anavyotetemeka, nikakumbuka "moja tu", nikaona bora ninyamaze. Mama Aber akapiga vigelegele, watu wakaimba, na mimi nikaimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwenye kosa ndivyo anavyoimba.

Nikaenda kumsaidia mzee kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amekaa kwenye benchi, taulo mabegani, hajavua ile nguo iliyolowa.

"Kijana," akasema. Siku hiyo hakuniita Elder hata kwa utani. "Mguu yangu ya kulia ilitoka inje. Nilisikia upepo. Wewe ulikuwa upande ya mguu. Uliona ama hapana?"

Wakuu, nilitamani sakafu inimeze.

"Niliona, mzee."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuonea huruma."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza.

"Mimi nilisimama sentri, kulinda kambi, miaka ishirini," akasema. "Usiku, mvua, njaa. Mutu ya sentri akiona kitu anasema. Hawezi sema, ah, wenzangu wamelala vizuri, wacha nisiwasumbue. Wewe umeniona mimi ni mtoto?"

Machozi yalinitoka, sitawadanganya.

Akasimama, akatupa taulo, akatoka vilevile na maji yakimchuruzika. Nilijua anakwenda nyumbani, na kanisa amelisahau, na ni mimi niliyemfukuza.

Lakini aliupita mlango wa kutokea akaenda moja kwa moja kisimani. Watu walikuwa wameshaanza kupanga viti.

"Kaeni chini," akasema. "Kazi haijaisha."

Whitlock akaniangalia, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba niliona kidole nikanyamaza. Akarudi majini. Ndugu Bahati, kwa nia njema, akasema yeye angeweza kuhamia upande wa miguu. Mzee akakataa.

"Yeye huyo huyo asimame pale pale."

Akashuka tena. Sala. Akalazwa. Maji yakaruka. Akainuka, na safari hii hakumtazama mkewe wala Whitlock. Alinitazama mimi.

Wakuu, kidole kilitoka tena.

Kile kile. Mama Aber ameshika mdomo kwa mikono miwili, mzee anatetemeka mpaka meno yanasikika, ananisubiri.

"Bado, mzee," nikasema. "Kidole gumba. Cha kulia."

Halafu akaanza kucheka taratibu, kicheko kikakua mpaka maji yakawa yanatikisika.

"Sasa hiyo ndiyo sentri!" akasema. "Elder, rudisha mimi chini!"

Mara ya tatu Whitlock alimkanyaga vidole kwa mguu wake, na Sajenti Olanya akazama wote, kuanzia unyayo mpaka mvi ya mwisho. Nilisema "ndiyo" kwa sauti mpaka Bahati akashtuka.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani huruma yangu ni zawadi, kumbe nilikuwa nimeamua kwa niaba ya mtu mzima kwamba hawezi kubeba ukweli. Aliyekuwa hawezi kuubeba ni mimi.

Wenye kejeli kuhusu dini yangu karibuni, nimeshasikia zote Kampala na kwa Luganda. Ila kwanza nijibuni hili: ni nani uliyemficha ukweli ukijidai unamhurumia, na je, ameshakuuliza?