Mstari Mwekundu wa Dhahabu

Jumatatu niliyofundisha nanoteknolojia kwa mara ya kwanza, baba alirudi alfajiri kutoka Kaoze, bondeni, alikokwenda kuvuna mpunga. Alikuwa anatetemeka. Nikampa koti langu, nikamwambia ni baridi tu ya Sumbawanga. Sisi watu wa huku juu kila homa tunaisingizia baridi. Baba hakubisha, mwalimu wa kemia ni mimi.

Darasani nilianza na ukubwa: milimita moja uigawe vipande milioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Nikasema kitu kikishuka hadi udogo huo hubadili tabia. Chembe za fedha huua vijidudu kwenye chujio la maji; za zinki hukinga ngozi na jua bila kuacha weupe usoni. Wanafunzi wakapiga miayo.

Nikatoa kipimo cha malaria, kile cha kutoboa kidole. Nikawaambia mstari mwekundu unaojitokeza humu ni dhahabu, dhahabu kweli, ila kwa udogo ule haionekani njano tena. Chembe zake hunasa protini ya vimelea vya malaria, kisha hukwama pamoja mpaka jicho linaziona. Hapo wakazinduka. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Baba alikuwa kitandani na koti langu na mablanketi mawili. Nikamwongezea la tatu. Ndiyo, la tatu.

Alhamisi akaanza kuniita kwa jina la marehemu kaka yake. Mama akamvalisha viatu, tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi akachukua tone la damu, tukasubiri. Mistari ikatoka miwili: malaria. Nilijua kila kilichotokea mle ndani, chembe kwa chembe. Wakamlaza. Muuguzi alisema tungechelewa siku moja zaidi, tungekuwa tunaongea mengine.

Baba alipopata nafuu nikataka kujikosha. Nikakaa kando ya kitanda, nikamweleza habari ya dhahabu na jinsi wanafunzi walivyoipenda. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza somo hilo nililifundisha lini. Nikasema Jumatatu.

Akanigeukia.

“Yaani, mwalimu, ulitoka kuwafundisha watu hayo yote, ukaja kuniongezea blanketi?”

Nikajibu, “Ndiyo, baba.”