Waridi la Mama Kulwa na Yasmini ya Mama

Shilingi elfu moja na mia tisa taslimu, na sukari nusu kilo ya shilingi mia tatu. Jumla elfu mbili na mia mbili. Nimeijumlisha tena sasa hivi ninapoandika na haijabadilika. Ndicho kiasi nilichotumia nikiwa darasa la tano kuitetea yasmini ambayo hata haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama. Alikuja na kijiti chake kutoka kwao Tabora, kimefungwa kitambaa kibichi ndani ya kopo la maziwa, akakipanda chini ya dirisha la chumba tulichopanga Kambarage, mjini Shinyanga. Jua likianza kushuka nyuma ya mabati, harufu yake iliingia ndani kabla yetu. Ilichanganyika na moshi wa mkaa, na vumbi la ng'ombe wanaorudi, na mafuta ya chapati yaliyong'ang'ania uani kote tangu asubuhi, na bado ungeitambua. Baba alikuwa mgodi wa dhahabu wa Bugarama akichomelea vyuma, akirudi mwisho wa mwezi, na mama aliniambia mara moja tu, bila kuniangalia, kwamba saa ile ya harufu ndiyo saa ambayo hajioni yuko ugenini.

Chapati zilikuwa za mwenye nyumba, Mama Kulwa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kutosha nyumba tatu. Yeye alikuwa na waridi. Lilisimama karibu na lango, jekundu la kukoza, limezungushiwa matofali yaliyopakwa chokaa, na wateja wa chapati walilazimika kulisifu kabla ya kuhudumiwa. Kusema haki, lilistahili. Ua la waridi unalisogelea wewe, unaliinamia, unavuta pumzi, ndipo linakupa harufu yake, tena asubuhi linakupa zaidi kuliko mchana. Yasmini haisubiri mtu ainame. Vijiua vyake vyeupe havifiki ukubwa wa kifungo cha koti, lakini kimoja ukikisahau mfukoni, sare ya shule inanukia hadi Ijumaa. Hata matunzo yao yalifanana na wenyewe. Waridi lilifagiliwa, lilipaliliwa, lilinyunyiziwa majivu wadudu wadogo wa kijani walipoganda kwenye vikonyo, na lilitandazwa samadi na majani makavu shinani. Yasmini ilipata maji yaliyooshea mchele, kila siku ya tatu, na kamba ya katani ya kupandia ukutani. Basi. Haikuomba kingine.

Hapo katikati niliingia mimi. Mama Kulwa magoti yalikuwa yanamsumbua, na kisima kifupi kilikuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo tulikubaliana: ndoo moja ya maji kwenye waridi, chapati moja mkononi mwangu. Biashara nzuri, ila ina kasoro moja, chapati moja huliwa ikaisha. Wiki chache baadaye niliona majani ya chini ya lile waridi yanageuka njano. Sikujua sababu, na sitajifanya nilijua. Nilichojua ni bei. Nikamfuata jikoni.

"Shikamoo Mama Kulwa. Waridi lako lina kiu."

"Kiu? Na maji yote yale?"

"Angalia majani. Ndoo moja haifiki chini."

Alitoka, akaangalia, akaguna. Tangu siku hiyo zikawa ndoo mbili na chapati mbili. Ya kwanza nilikula, ya pili niliiuza shuleni kwa shilingi hamsini. Majani yalizidi kuwa ya njano, nami nikazidi kuonekana mtoto mwenye macho makali. Udongo wetu ulikuwa ule mweusi wa mbuga, unaoshika kiatu wakati wa mvua na kupasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Ukiumwagilia kila siku, maji hayashuki wala hayaondoki. Ndani ya yale matofali meupe palikuwa pamelowa mwezi wa saba, wakati mji mzima ni vumbi. Niliona, na nikaona ni dalili ya kazi safi.

Asubuhi moja Mama Kulwa akiwasha jiko alimwona nyoka. Mwenyewe alisema ni wa urefu wa mlango. Sisi tuliochelewa tuliuona mkia tu, ukipotea ukutani chini ya yasmini ya mama. Kwetu watu wengi wanaamini maua yenye harufu ya jioni yanaita nyoka, na Mama Kulwa hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Mama Zuhura, mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia mama, na ua mzima ukasikia kwamba hana ugomvi. "Lakini hiyo kitu yako ing'oke. Jumamosi nisiikute. Nina watoto humu."

"Na mimi nina mtoto humu, dada," mama alijibu taratibu. "Harufu hii nimelala nayo tangu nazaliwa, sijawahi kuumwa hata na siafu."

"Huko Tabora nyoka wana adabu. Jumamosi."

Mama hakubishana zaidi. Mpangaji ambaye mume wake yuko mbali hapimi nguvu na mwenye nyumba. Lakini jioni ile hakula. Alikaa dirishani akikunja nguo ileile mara tatu, na mimi nilijua mara ya tatu ni kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Upande wa pili wa reli aliishi Mzee Masanja, mmoja wa Bayeye, wacheza ngoma ya nyoka ambao Wasukuma wanawaamini kwa mambo yote ya nyoka kuanzia kuwakamata hadi dawa. Ule ulikuwa msimu wao, mavuno yamekwisha na ngoma ziko kila wiki. Alhamisi baada ya shule nilimkuta uani kwake akipaka mafuta njuga zake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa."

Akaziweka njuga chini. Nilimweleza yote: nyoka, yasmini, Jumamosi. Nilitaka aje aseme mbele ya Mama Kulwa kwamba maua hayana hatia, kwa sababu neno lake lingesikilizwa na langu lisingesikilizwa.

"Kuja ninakuja," alisema. "Kusema nitakachosema, nitajua nikifika. Elfu tano na jogoo."

"Jogoo wa nyumbani kwetu ni wa mwenye nyumba, babu. Ukimtaka, muombe yeye."

"Una ngapi?"

"Elfu moja."

Nilikuwa nazo elfu mbili na mia mbili, faida ya chapati arobaini na nne, zimefungwa kwenye soksi. Yeye alishuka, mimi nilipanda, yeye akaelezea ubaya wa sumu, mimi nikaelezea ubaya wa umaskini. Tulipofika elfu moja na mia tisa na sukari ya chai, alizichukua njuga zake tena.

"Baba yako ananunua dhahabu?"

"Anachomelea vyuma."

"Basi dhahabu utanunua wewe. Kesho alasiri."

Ijumaa nilitoka shule mbio, sukari mkononi, nikiwa na furaha ya mtu aliyewapangia watu wazima mambo yao. Yasmini haikuwepo. Yaani ilikuwepo chini, lundo la matawi limelala uani na vitumba vyake vya maua bado vimefumba, na shinani vimebaki visiki vinavyofika magotini. Mama alikuwa anaosha panga la jikoni.

"Sikutaka mkono wa mtu mwingine uishike," alisema. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na hilo lilinitisha kuliko machozi.

Sikuwahi kumwambia kuhusu Mzee Masanja. Nilitaka iwe zawadi. Sasa mzee akaingia langoni na kapu lake, Mama Kulwa akampisha kwa heshima zote, wapangaji wakajaa milangoni. Aliinamia lundo la yasmini, akanusa, akapiga chafya. Alizunguka ukuta. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye waridi, akachuchumaa, akaanza kuondoa yale matofali meupe, moja moja, kama mtu anayepakua chakula. Chini ya tofali la pili alitoka chura. Walitoka saba; nilihesabu tena na bado walikuwa saba. Chini ya majani makavu yaliyolowa alikuwa amejikunja nyoka wa kahawia, mwembamba kuliko mkanda wa suruali. Mzee alimwinua kwa vidole viwili akamtia kapuni.

"Huyu hana sumu," alisema. "Na hana habari na manukato. Amefuata vyura. Hapa mmejenga bwawa. Nani anamwagilia?"

Mama Kulwa alinitazama, lakini kwa namna ya mtu anayengoja kusikia jina lingine. Ningeweza kunyamaza. Mzee angeondoka, yasmini ilikuwa imeshakatwa, na chapati zingeendelea.

"Mimi," nilisema.

"Mara ngapi?"

"Ndoo mbili."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku."

Mzee Masanja alichomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili, akakinusa, akamwonyesha Mama Kulwa. Hata mimi niliipata harufu, ya kitu kilichooza. "Mizizi inakufa kwa kukosa hewa. Hii njano si kiu, ni kuzama. Zingepita siku nne tu, lingekufa." Halafu akanigeukia. "Na wewe ndiye uliyeniita." Alisema kama anayekagua noti iliyokunjwa vibaya. Nililipa mbele ya watu wote, na mama akatazama soksi yake ya zamani ikikung'utwa sarafu ambazo hakujua zimetoka wapi. Ilibidi nimweleze, chapati kwa chapati. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kwamba hakuuvuta mkono wake nilipoushika.

Mama Kulwa alipotea jikoni. Tulidhani amekasirika. Alirudi amebeba beseni la samadi, ile kavu nyeusi inayomumunyika, aliyokuwa anaitunza kwa ajili ya waridi lake na asiyempa mtu hata kwa pesa. Aliinama kwa shida na magoti yake yale, akaimwaga yote kwenye visiki vya yasmini.

"Hii imeoza vizuri, Mama Zuhura. Haina moto wa kuunguza mizizi."

"Wabeja, dada," mama alishukuru. Sikuwahi kuwasikia wakilirudia jambo lile.

Mimi niliongezewa kazi. Kwa amri ya mama nilibeba ndoo kumi na mbili za mchanga wa mtoni, bila chapati, tukaling'oa waridi, tukakata mizizi iliyooza na matawi nusu, tukalipanda juu ya tuta la udongo na mchanga ambapo maji yanapita yakaenda zake. Tangu hapo lilipata ndoo moja Jumatano na moja Jumapili, iliyomwagwa polepole. Lilinuna miezi miwili, kisha likatoa majani mekundu mapya. Yasmini haikununa. Mvua za vuli zilipogusa vile visiki vilichipua kwa fujo, na kumbe maua yake huja kwenye machipukizi mapya. Mwaka ule ilichanua kuliko miaka yote tuliyoishi pale. Mama alichuma vijiua akaviweka kwenye kisahani, na kisahani cha pili akampelekea Mama Kulwa, ambaye alikiweka karibu na jiko la chapati bila kutaja nyoka.

Sasa naishi Geita, nauza mabati na misumari. Waridi ninalo, limeungwa kwenye shina jingine, nimelinunua barabarani kwenye mfuko mweusi. Muuzaji alianza elfu kumi na tano tukamalizia saba. Linachanua vizuri na halinukii kabisa, na sina wa kumdai kwa sababu sikuuliza. Zamani waridi lilikuwa na harufu bila kuuliza. Yasmini nilichukua kijiti cha ile ya Kambarage. Ina miaka miwili, imepanda ukuta hadi bati, majani manene ya kijani, samadi nimeipa, jua la asubuhi inapata, na imetoa maua matatu tu.

Mama anahamia kwangu baada ya mavuno, moja kwa moja. Kwenye simu haulizii chumba wala choo. Anauliza, "Imechanua?" nami najibu, "Ipo." Ninataka aifikie ikiwa na harufu, maana Geita ni ugenini kwake kuliko Shinyanga ilivyokuwa. Panga ninalo na nimeshalinoa. Nakumbuka waziwazi kwamba aliikata ikabaki kufika magotini, lakini sikumbuki kama yalikuwa magoti yake au yangu ya darasa la tano, na tofauti yake ni karibu shubiri nzima. Wewe uliyewahi kuikata yasmini ikakurudia, niambie: nipime wapi?