Tuta la Ulezi na Kuku wa Wilibrodi

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, Wilibrodi alipakia vitu vitatu tu kwa mikono yake kwenye lori la serikali: godoro, mtungi wa pombe wa mkewe Cornelia, na tenga la kuku. Vingine aliwaachia vijana wavirushe watakavyo.

Kuku wenyewe hawakuwa kuku wa Ufipa. Wilibrodi alikuwa mpishi wa misheni kwa miaka kumi na saba, na bruda mmoja mzee, alipokuwa anarudi kwao Ulaya, alimwachia jogoo na mitetea kama zawadi. Walikuwa wakubwa, wa rangi ya majivu, na manyoya yao yalishuka kutoka mapajani yakafunika miguu hadi vidoleni. Watoto wa kijiji kipya, upande ule wa Mwazye, walipowaona mara ya kwanza walikimbia. Watu wazima walicheka.

"Mzee Wilibrodi," walimwambia, "waambie kuku wako wasipite ofisi ya chama. Suruali pana za bugaluu zimepigwa marufuku."

"Watazivua nyie mkijifunza kufunga mikanda," alijibu, akaendelea na safari yake.

Shida ilianza mvua ziliposhika. Zamani kila mtu alikaa kwake, nyumba na nyumba zikitenganishwa na bonde zima, na kuku wa mtu alichakura uani kwa mwenyewe. Sasa nyumba zilipangwa mistari, na shamba la kijiji lilianzia palepale migongoni mwa nyumba. Wanakijiji walikuwa wamefukia majani, wakainua matuta ya duara kama desturi yao, wakayasawazisha juu na kusia ulezi. Mbegu ya ulezi ni ndogo kama vumbi. Kuku hana haja ya kuila. Akishachakura mara tatu, imezama, haioti tena. Asubuhi moja kuku wa kijiji walimaliza kazi ya kaya nne.

Mwenyekiti, Ndugu Adolfu, aliitisha mkutano. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu.

"Kuanzia Jumatatu," alisema, "kuku yeyote awe bandani au awe chunguni. Hakuna njia ya tatu."

Kwa wengine lilikuwa jambo la usumbufu tu. Kwa Wilibrodi lilikuwa msiba. Alikwisha kujaribu kuwafungia wale wa kwake wiki zile za kuhama. Banda lilipolowa, mavi yaliganda kwenye manyoya ya miguu yakawa kama tofali, wakaanza kudonoana mpaka damu ikatoka. Mitetea wawili walikufa. Sasa alibaki na jogoo na mitetea watano, na kutoka Mpui hadi Namanyere hakujua mtu mwingine mwenye mbegu ile. Wakiisha hao, wameisha.

Akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, kuku wangu hawachakuri."

Mkutano mzima ulipasuka kwa kicheko.

"Wanakula kwa sala?" aliuliza Adolfu.

"Wanadonoa. Manyoya yanawazuia kuchakura."

Aliyemwokoa alikuwa Bwana Shamba, kijana aliyeitwa Asajile, mtu wa Rungwe, aliyependa kujua mambo. "Shikamoo, mzee," alisema kwanza, kisha akawageukia watu. "Kwa nini tubishane? Tusie tuta moja kesho. Tuwaachie kuku wa mzee hadi kengele ya shule ya mchana. Wakilifukua, chunguni. Wasipolifukua, watembee."

"Nimekubali," alisema Wilibrodi, kabla hajamtazama mkewe.

Ukweli ni kwamba hakuwa na hakika. Alikuwa ameona wanachakura kidogo kuliko kuku wengine, lakini kidogo ni kiasi gani? Hilo hakuwahi kulipima.

Asubuhi watu walizunguka tuta jipya. Wilibrodi alifungua tenga. Kuku walitoka polepole, wakapanda tutani, wakalala. Hawakuinua hata ukucha mmoja. Jogoo alijaribu kuwika, sauti ikakatika katikati, akaanguka ubavu.

Asajile alimwokota, akamnusa mdomo. "Mzee, huyu kanywa."

Macho yote yakamwendea Cornelia.

"Niliwapa machicha ya pombe kidogo," alisema. "Nilitaka washibe, wasione haja ya kufukua."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Beseni."

Hata Adolfu alishindwa kujizuia, akacheka hadi akashika magoti. Alipopata pumzi alisema mchezo umekwisha, Wilibrodi ameshindwa. Lakini Asajile alikataa. Alisema kuku mlevi si jibu, si la ndiyo wala la hapana. Kesho warudie, na leo kuku atawafungia yeye mwenyewe kwenye ghala la majembe, bila chakula.

Njiani kurudi nyumbani Wilibrodi alisema, "Mke wangu, umenichinjia kuku."

"Hao nimewalisha mimi wakati wewe ukiwapikia mapadri," alijibu Cornelia. "Watashinda. Niliingiwa na woga tu, kama wewe."

Kesho yake mvua ilikuwa imepiga alfajiri, udongo mzito. Asajile alileta kuku sita wenye njaa, na pembeni, kwenye tuta la pili, akamwachia mtetea wa kienyeji ili watu walinganishe. Mtetea huyo aliingia kazini mara moja, mguu huu, mguu ule, udongo ukiruka nyuma yake. Kabla watu hawajakaa vizuri alikuwa ndani ya shimo hadi kifuani.

"Wa nani huyo?" aliuliza mtu.

Adolfu alikohoa. "Wa kwangu."

Jogoo wa Wilibrodi alipanda tutani. Akainua mguu, akakwangua. Akakwangua tena. Udongo ukanasa kwenye manyoya, mguu ukawa mzito kama mpini, naye akautazama kwa hasira, akautikisa, akaacha. Akadonoa mchwa juu ya tuta. Mitetea wakamfuata, wakitembea kama akina mama wanaopita matopeni na nguo za Pasaka. Kengele ilipolia, tuta lilikuwa na nyayo tu, na alama mbili za ukucha.

Asajile aliandika katika daftari lake. Adolfu alitangaza uamuzi akitazama mbali, kuelekea milimani: kuku wenye manyoya miguuni watembee.

Jumatatu Wilibrodi alitoka nje na kukuta kuku wa kienyeji wanapita barabarani wamefungwa vitambaa miguuni, vya khaki, vya kanga, mmoja hata kipande cha gunia. Walikuwa wanarusha miguu juu kama askari wa gwaride. Nyuma yao alikuja Adolfu, kofia mkononi.

"Mzee," alisema, "mayai ya kuatamisha yanapatikana?"

Wilibrodi alitaka kujibu kwa heshima, lakini mtetea mmoja mwenye soksi za kanga alijikwaa mbele yao, akalala kifudifudi, na mzee ikabidi akae chini kwenye jiwe la mlangoni, machozi yakimtoka kwa kicheko. Cornelia ndiye aliyekwenda ndani kuchagua mayai.