Maji Yangu na Walimu Wawili

Mimi niliishia darasa la nne, na bado sekondari ya hapa kwetu Newala inakunywa maji yangu. Nilianza na baiskeli na madumu manne, nikiyapandisha kutoka bondeni huku wenzangu wamekaa vijiweni. Leo nina boza langu mwenyewe, lori la tangi la maji. Kwa hiyo anayegusa maji yangu amenigusa mimi.

Waliogusa ni walimu wawili wa kemia: kijana wa shule yetu na mama mmoja wa shule ya Masasi. Walikuwa wakikutana kila Jumamosi, eti wanafundisha pamoja. Mmoja anasimama ubaoni, mwenzake anakaa nyuma anaandika. Kwenye kikao cha wazazi niliwaambia wazi: mwalimu anayeshikwa mkono na mwalimu mwenzake hajui kazi. Mimi boza naendesha peke yangu. Na binti yangu yuko kidato cha nne, anataka udaktari. Akianguka kemia, basi tena.

Jumamosi moja wakaniita maabara. Mezani palikuwa na chupa mbili za maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Semeni, nina kazi."

Aliyesema ni yule mama. Walikuwa wamelinganisha madaftari ya shule zote mbili. Kwenye lile zoezi la kudondosha asidi mpaka rangi igeuke, watoto wa Masasi walipata. Wa kwetu walikosa wote, tena kwa kiasi kilekile.

Akagusa chupa ya kwanza. "Haya ya boza lako yana chokaa, mzee. Yanavunja nguvu ya asidi."

"Chokaa nimetia mimi?"

"Hapana. Yametoka nayo ardhini."

Nikamgeukia kijana wetu. "Na wewe miaka yote hukuiona?"

"Nilikuwa peke yangu, mzee. Nilidhani watoto ndio hawajui kupima." Akatazama chini. "Niliwachapa kwa hilo. Na wa kwako."

Nikaishika chupa ya pili, maana mkono ulikuwa unataka kumchapa na yeye.

"Na chupa hii ya pili?"

"Maji ya mvua. Kwa haya, majibu yamekaa sawa."

Chupa niliitambua. Ni ya jikoni kwangu. Nyumbani tunakunywa ya mvua, yanayotoka kwenye bati na kuingia tangi la uani. Ya boza ni ya kuuza. Binti yangu alikuwa amesimama dirishani.

"Umenianika, mwanangu."

"Baba, mtihani wa vitendo ni Jumatatu."

Ulikuwa msimu wa korosho, mvua hakuna, na tangi lilikuwa limebaki chini ya nusu. Jumatatu asubuhi nilishusha madumu matano mlangoni mwa maabara, kwa mikono yangu. Yule kijana akanipa shikamoo mbele ya watu. Sikuitikia, na mpaka leo siitikii. Amchape mtoto wangu kwa kosa la maji, halafu anataka marahaba?

Ila wakihadithia habari za umoja wao huko Masasi, wasiruke hapa: hata maji ya ule mtihani yalikuwa yangu.