Mbuzi Aliyekula Kabambare

Mama yangu alizoea kuwaambia watu kwamba nina kazi moja na ugonjwa mmoja. Kazi ni ualimu. Nafundisha darasa la tano katika shule ya kanisa hapa Kasongo, shule ambayo ukuta wake wa nyuma unapakana na ua wa nyumba yetu. Ugonjwa ni ule mwingine: naokota vitu. Vipande vya vitenge kutoka kwa mafundi wa cherehani, mifuko ya mchele iliyochanika, mpira wa ndani wa baiskeli, nyaya, vifuniko vya soda. Navipanga juu ya ubao, navibandika, nazungusha rangi kidogo, mpaka vinakuwa picha. Picha hizo zinanunuliwa, na watu wazima wenye akili zao wamezitundika sebuleni. Mama alijua hayo yote. Bado jirani akipita na kunikuta nimepiga magoti uani nakata gunia, mama alimwambia, "Muache tu. Atapona."

Nilikuwa nacheka. Mimi ni mtu wa kucheka, hilo sikatai. Lakini liliniuma. Nilitamani siku moja, moja tu, mama aiite ile nayo kazi.

Mume wangu hakunisaidia kupona. Anauza sabuni na chumvi Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Waume wengine wakiwa huko huwatumia wake zao vitenge vipya vinavyonukia duka. Wangu hunitumia mazulia yaliyokufa, yale wachimbaji wanayoyatandika kwenye mfereji wao wa mbao ili dhahabu inase, na ambayo huyatupa yakishachakaa. Dereva wa pikipiki akifika na gunia, mtaa mzima hujikusanya, maana gunia la Salamabila si habari ndogo. Nafungua. Matambara yenye tope. Watu wanaangalia gunia, wananiangalia mimi ninavyorukaruka.

"Mume yako iko na akili kweli?" dereva aliniuliza safari moja.

"Iko nazo mingi kuliko weye!" nikamjibu, huku nimelikumbatia gunia. Tope lile lina rangi ya kutu ambayo Kasongo yote huipati.

Kuishi na mambo mawili hivi ni kuwa na chaki mkono mmoja na gundi mkono wa pili. Gundi yangu ni unga wa muhogo, nauchemsha mpaka uwe uji mzito. Inashika vizuri na haisubiri mizigo kutoka mbali. Wanafunzi wanasema nanuka bugali. Nimesahihisha kazi za nyumbani na kalamu imenigandia vidoleni. Kuna asubuhi nilifundisha vitenzi vya Kifaransa nikiwa na kifuniko cha soda kimenata kwenye kiwiko, mpaka kengele ya mapumziko, na hakuna aliyeniambia kitu. Walidhani ni pambo.

Basi mdogo wangu akaposwa na kijana wa Kabambare. Nyumba ikawaka furaha, isipokuwa mama alikuwa na hofu moja. Kwetu bibi arusi akiondoka kwao anatakiwa alie. Asipolia, wakwe husema alikuwa anahesabu siku za kukimbia kwa mama yake. Na mdogo wangu hawezi kulia. Sisi wawili tuliumbwa kwa udongo mmoja. Yeye hucheka hata akijikwaa.

Wiki hiyo mama alikuja mlangoni kwangu, akaangalia paa, akaangalia mlango, mimi hakuniangalia.

"Nyuma ya kiti ya bibi arusi ukuta iko mutupu," alisema. "Utaweka kitu yako moja pale."

"Kitu gani, mama?"

"Si zile takataka zako. Lakini ikuwe kubwa. Na ikuwe mzuri, wakwe wanakuja."

Nusura nipae. Mama mwenyewe! Nilijua kabisa kwamba nikiharibu hii, hakutakuwa na nyingine, na ugonjwa wangu utabaki ugonjwa mpaka kaburini. Nikaanza siku ileile. Kushoto nikaweka Kasongo: msikiti, kanisa, soko, na kitambaa cha buluu pembeni kuwa mto Lualaba. Katikati barabara, zulia la Salamabila na tope lake, na juu yake pikipiki ya waya imembeba bibi arusi na masanduku. Kulia kabisa nikaweka Kabambare, na hapo ndipo nilipomaliza ufundi wangu wote, maana hapo ndipo macho ya wakwe yangetua. Kuta za pumba za mpunga. Mapaa ya majani makavu ya mgomba. Majani mabichi ya kweli kuwa mashamba. Na gundi ya muhogo, gundi juu ya gundi, isije ikabanduka mbele za watu. Kwa kifupi, niliipika Kabambare nikaipakua. Sikuliona hilo wakati ule.

Wakwe nao walitanguliza mbuzi. Beberu mkubwa, mwenye ndevu za heshima, ameletwa kutoka Kabambare yenyewe, akafungwa uani kwetu akingoja siku ya pilau. Katika familia yetu mbuzi wa wakwe hapigwi fimbo wala hafokewi mpaka shauri lake liishe, kwa kuwa ukimtukana umewatukana waliomtuma. Mama alimwita "mugeni". Alimletea maganda ya muhogo kwa mikono miwili.

Siku ya kuamkia arusi, shangazi walikuwa wamejaa nyumbani mpaka kizingitini. Picha ilikuwa bado mbichi, haina pa kukaukia. Nikaivusha mpaka upande wa shule, nikaiegemeza juani chini ya dirisha la darasa langu, nikaingia kufundisha nikiwa na amani. Sijakaa sawa, mlango ukafunguliwa, akaingia inspekta. Hakuwa ametoa taarifa. Alikaa dawati la nyuma, magoti yamefika kidevuni, mkoba mapajani, akasema niendelee kana kwamba hayupo.

Somo lilikuwa eneo la mstatili. Nilichora mstatili ubaoni, mzuri, umenyooka. Nikageuka kuuliza swali, na nyuma ya kichwa cha inspekta, dirishani, nikaona ndevu.

Mgeni alikuwa amekata kamba. Alitafuna taratibu, bila papara, kama mzee aliyewekewa sahani. Nilipaza sauti nikaendelea na urefu mara upana. Nilifikiri, mwalimu hatoki darasani mbele ya inspekta. Kisha nikafikiri, mama. Nikaikandamiza chaki ubaoni mpaka ikakatika. Mtoto wa dawati la dirishani, aliyekuwa ameiona ile picha ikikua wiki nzima, akasimama.

"Madamu! Mugeni iko anakula Kabambare!"

Darasa zima likasimama. Inspekta akaniangalia. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Vizuri sana. Sasa tunatoka inje kwa mazoezi. Tutapima eneo ya kitu ya kweli!"

Tulitoka mbio kwa ajili ya hesabu. Mbuzi alipotuona alishika paa moja mdomoni akaondoka nalo. Watoto wangeweza kumdaka upesi, lakini wote ni wa mtaa huu, wanajua ni mbuzi wa nani, na hakuna aliyethubutu kuokota fimbo. Wakamzunguka kwa adabu. "Mugeni, tafazali." "Mugeni, simama, baba." Wengine walipiga magoti kumbembeleza, na beberu anapita katikati yao, jani la mgomba linapeperuka kwenye ndevu. Mimi nilikuwa nimejikunja kwa kicheko na machozi pamoja. Aliyemkamata mwishowe ni inspekta. Alimshika pembe kwa mkono mmoja, mkoba juu kwa mkono wa pili, suruali imejaa vumbi.

"Mwalimu," alisema akihema, "somo yako hii iko na uhai sana."

Tukapima kweli. Watoto walikokotoa eneo la picha, kisha eneo lililoliwa. Kasongo ilikuwa salama, barabara ilikuwa salama, bibi arusi alikuwa salama juu ya pikipiki yake. Kabambare haikuwepo. Kesho wakwe wangekaa mbele ya picha inayoonyesha binti yetu akiolewa katika shimo. Nikamwalika inspekta arusini, kwa kuwa sikujua niseme nini kingine.

Saa za kutoka shuleni nilibeba ubao nikaingia nao uani. Nilikuwa nimejiandaa kusikia lile neno, takataka. Mama aliangalia shimo. Akamwangalia mbuzi, ambaye alikuwa amelala akicheua.

"Kwa hiyo Kabambare iko mu tumbo ya mugeni," alisema. Kisha akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afariki, akashika nguzo ya jiko asianguke, na shangazi wote wakaja kuona nani amekufa.

Alipojifuta macho akakaa chini, kando yangu, juu ya gunia. Mama alizaliwa upande wa Kabambare. Aliondoka huko akiwa msichana. "Leta majani," alisema. Nikaanza kubandika kama mwanzo. Akanipiga kofi mkononi. "Soko haiko hapo. Iko huku. Weye ulienda Kabambare lini?" Akainyakua mikasi. Ikawa yeye anakata na mimi napaka. Alipanga njia, akapanga nyumba, akaweka nyumba ya bibi yake ikawa kubwa kuliko majengo yote, na nilipouliza kama kweli ilikuwa kubwa hivyo alisema nisimfundishe. Gundi ilipokwisha akaenda kuipika yeye. Nilimwona akitwanga kitu na kukimimina ndani.

"Nini hiyo, mama?"

"Pilipili. Mbuzi ingine ijaribu, ione."

Asubuhi shauri la mgeni liliisha kwa heshima zote. Adhuhuri tulimla kwa pilau, yeye na mapaa yake ya mgomba.

Alasiri watu walijaa uani chini ya turubai. Picha ilining'inia nyuma ya kiti cha bibi arusi, na ilipendeza, nasema bila aibu. Ila jua lilikuwa kali, turubai lilishika joto, na gundi ya mama ikaanza kukauka na kupukutika unga. Kila shangazi aliyepita aliigusa, akaipangusa, akainyoosha. Chafya ya kwanza ilitoka upande wa wakwe. Ya pili ilitoka kwa bwana arusi. Kisha nikamwona mdogo wangu, aliyekaa chini ya Kabambare kabisa, anapepesa macho. Tone moja. Jingine. Halafu akalia! Alilia mpaka wanja ukafika kidevuni, anacheka ndani ya kilio, mabega yanaruka, na wakwe waliona machozi tu.

"Huyu anapenda kwao," bibi mmoja wa Kabambare alisema, naye anajifuta. "Angalia mutoto ya watu."

Mama alikaa wima kama hakimu.

Inspekta alikuja, amevaa shati safi. Aliisogelea picha, akapitisha kidole juu ya nyumba ya bibi yake mama, kisha, Mungu amsaidie, akajisugua jicho. Akageuka kwa mama huku machozi yanamchuruzika. "Mama, hii kazi nani alifanya?"

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nilisimama palepale. Mama aliniangalia, safari hii mimi, si paa.

"Mimi," alisema. "Mimi na huyu mwalimu. Gundi ni yangu. Kabambare yote ni yangu. Yeye alifanya Kasongo."

Nikaenda nyuma ya jiko nikalia, na mimi sikuwa nimegusa pilipili.

Mdogo wangu yuko Kabambare sasa, anatuma salamu na pumba za mpunga. Wakwe bado wanabishana kuhusu ile nyumba kubwa. Na juzi jirani alipita, akatukuta wawili uani tumepiga magoti, mama ameshika mikasi, zulia la Salamabila limetanda kati yetu. Akauliza kama hatuna habari kwamba chai imepoa.

Mama hakuinua kichwa. "Utuache kwanza," alisema. "Tuko ku kazi."